Mkeka Usiolala



Katika nyumba nyingi za huku Kibiti na katika vijiji vya delta ya Rufiji, mgeni akishapiga hodi na kukaribishwa, kitu cha kwanza kinachotolewa ndani ni mkeka. Maji ya kunywa hufuata baadaye. Juu ya mkeka watu hula, watoto wachanga hulazwa, wazee husuluhisha ugomvi, maharusi hutunzwa na wafiwa hupokea rambirambi. Kwa hiyo ubora wa mkeka si jambo dogo, wala anayeushona hafanyi kazi ya kupitisha muda. Juma hili napenda tutafakari pamoja juu ya mkeka usiolala, yaani ule ambao ukitandikwa hukataa kushika sakafu: huinuka pembeni, hutuna katikati, au hupinda kama mundu.

Wengi wetu tunaukalia mkeka bila kujua jinsi unavyotengenezwa. Mikeka myororo ya huku hutokana na ukindu, yaani majani machanga ya mkindu, mti wa jamii ya mtende unaopenda sehemu zenye unyevunyevu. Kwa kazi nyingine, kama kamba, vikapu na majamvi magumu, hutumika majani ya mikoma. Majani ya ukindu hukatwa yangali machanga, huanikwa juani hadi yageuke meupe, na yale yanayotakiwa kuwa na rangi huchemshwa pamoja na rangi hiyo. Kisha huchanwa kuwa chane nyembamba zilizolingana, na chane hizo husukwa kuwa ukanda mrefu uitwao ukili.

Hapa ndipo watu wengi wasiojua kazi hii hushangaa. Mkeka hausukwi wote kwa mara moja. Husukwa kili nyingi, kila moja ikiwa na upana wa vidole vichache tu, kisha hukatwa kwa urefu unaotakiwa na kushonwa ubavu kwa ubavu, ukili kwa ukili, mpaka upana wa mkeka utimie. Mshono mzuri hauonekani kwa urahisi. Pindo za kili mbili huingiana hata ukadhani ni ukanda mmoja. Mwishoni kingo hukunjwa na kupindwa.

Kazi yoyote ya kuunga vipande ina adui mmoja: tofauti ndogo inayorudiwa. Tuchukue mkeka wenye kili 14. Ikiwa kila ukili umezidi upana kwa milimita 3 upande mmoja, jicho halitaona kitu katika ukili wa kwanza, wala wa pili. Lakini zikishaungwa zote 14, upande ule utakuwa umezidi kwa milimita 42, yaani sentimita 4 na zaidi, na mkeka utakuwa umefunguka kama upepeo. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Naam, na kidogo kidogo hupinda mkeka.

Sheria hii haiko Rufiji peke yake. Huko Marekani upo mtindo mmojawapo wa kushona mablanketi ya viraka, ambao jina lake maana yake ni nyumba ya magogo, na ambao ulienea sana katika nusu ya pili ya karne ya 19. Mshonaji huanza na kiraka kidogo cha mraba katikati, ambacho mara nyingi huwa chekundu na husemwa kuwa ni mfano wa moto wa jikoni. Kisha huongeza vipande virefu vya kitambaa kukizunguka, kimoja kila upande, kama magogo ya ukuta yanavyopandishwa. Nusu ya mraba huwa ya rangi nyepesi na nusu ya rangi nzito. Kila mzunguko huongeza mishono miwili katika upana wa mraba. Mshono ukipotoka milimita 1 tu, baada ya mizunguko 6 mraba wote umepotoka milimita 12, na hautakaa sawa na wenzake. Ndiyo maana mafundi wa kazi hiyo hufundisha jambo moja kwa mkazo: kila kipande kipimwe na kukatwa kabla ya kushonwa. Anayeshona utepe mrefu kwanza na kukata baadaye huuvuta bila kujua, na kitambaa humlipa kwa mawimbi.

Mabibi wa Rufiji hawakuhitaji kusoma hayo. Nimewahi kukaa na baadhi yao nikiuliza maswali mengi kuliko inavyostahili, nao wamenifundisha kuusoma mkeka mgonjwa kama mganga anavyomsoma mgonjwa wake. Mkeka wenye mawimbi kingoni, wakati katikati umetulia, una kili za nje zilizo ndefu kuliko za ndani. Mkeka uliokunja kingo zake juu kama ungo una kili za nje zilizokazwa mno au zilizo fupi. Mkeka uliopinda kama mundu una kili zisizolingana upana. Na mkeka ulioachia nyufa kwenye mishono baada ya majuma machache huenda ulisukwa kwa majani yaliyolowa kupita kiasi. Yalipokauka yakasinyaa, kila moja likajiondokea kwa jirani yake.

Kupima nako kuna utaratibu. Mkeka hukunjwa mara mbili, ncha kwa ncha, ili kingo zioneshe kama zinalingana. Kamba huvutwa kutoka pembe hadi pembe kwa mshazari, kisha kutoka pembe nyingine hadi pembe nyingine. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana, mkeka si mraba. Halafu kiganja hupitishwa taratibu juu ya mishono, kuanzia ukili wa kwanza. Fundi hatafuti mahali palipoharibika zaidi. Anatafuta mahali pa kwanza palipoharibika.

Maneno hayo ya mwisho niliyaelewa vema katika kijiji kimoja kwenye barabara ya kutoka Bungu kwenda Nyamisati, kule ambako abiria hupanda boti za Mafia. Yuko bibi mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi, aliyekuwa na mkeka wa kili 14 ulioagizwa na mfanyabiashara kutoka Dar es Salaam. Ilikuwa mwezi Desemba. Mjukuu wake wa kike alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza mwezi Januari. Ada katika shule za serikali iliondolewa hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, lakini sare, viatu, begi na madaftari bado ni mzigo wa nyumbani, na katika nyumba ile mzigo huo ulikuwa umewekewa tumaini juu ya mkeka ule mmoja.

Mkeka ulipokwisha ulitandikwa uani. Haukulala. Kingo ya upande mmoja ilipanda na kushuka kama maji ya mlangoni mwa mto upepo wa kusi unapovuma. Mteja alitarajiwa Jumamosi, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Jirani mmoja alitoa shauri. “Bibi, unyunyizie maji, uutandike kivulini, uuwekee mawe. Hadi Jumamosi utakuwa umelala.”

Bibi akamjibu kwa upole, “Mawe yataulaza, mwanangu. Lakini mtu hanunui mawe pamoja na mkeka.”

Akaingia ndani na kutoka na ufito mkavu aliokuwa ameuchomeka darini. Ndicho kipimo chake cha urefu wa ukili, na ameutumia kwa miaka mingi. Akapiga magoti kwenye ukili wa kwanza, akapima. Sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu na wa nne, sawa. Wa tano ulizidi ufito kwa nusu kidole. Wa sita ulizidi kwa kidole kizima. Hakupima tena hadi alipofika wa 14, ambao ulizidi kwa kipande karibu cha sentimita 10. Ziada yote hiyo ilikuwa imesukumwa ndani ya mishono ili ncha zikutane, na kwa kuwa haikuwa na pa kwenda, ikapanda juu na kuwa wimbi.

Ikafahamika jinsi ilivyotokea. Bibi alipokwenda kutayarisha shamba la mpunga, mjukuu alitaka kumpunguzia kazi. Kili nne za kwanza zilikuwa zimekwisha kushonwa kwa kipimo cha ufito. Binti hakuuona ufito darini, basi akakata ukili wa tano kwa kuulinganisha na wa nne, akiongeza kidogo ili usije ukapungua. Wa sita akaulinganisha na wa tano, akaongeza kidogo. Wa saba akaulinganisha na wa sita. Kila ukili ulikuwa karibu sawa na jirani yake, na kwa hiyo hakuna hata mmoja uliomshtua. Hakuna aliyefanya uzembe. Mkono uliosuka kili zile ulikuwa wa bibi mwenyewe, na mishono ya binti ilikuwa safi.

Nilimtazama bibi nikisubiri karipio. Alimwita mjukuu, akamketisha, akakichukua kiganja chake na kukipitisha juu ya mkeka, kutoka ukili wa kwanza kuelekea nje. “Sema unapohisi,” alimwambia. Binti alifika wa tano, akasimama. “Hapa, bibi.” “Basi tunaanzia hapo.”

Jirani akasikitika. “Lakini huo wa tano unazidi kidogo tu! Mbovu zaidi ni huu wa mwisho. Si mkaufumue huo na miwili mitatu iliyo karibu nao?” Swali hilo lilikuwa la haki, nami nilikuwa nalo moyoni. Bibi akaeleza kwamba wa mwisho umepotoka kwa sababu unamfuata wa kabla yake, na huo unamfuata wa kabla yake, mpaka kwa wa tano. Ukiukata wa mwisho pekee kwa ufito, utakutana na jirani aliye mrefu kuliko yeye, na kingo itakunjamana kwa namna nyingine. Mishono kumi ikafumuliwa, kuanzia ule uliounga ukili wa nne na wa tano.

Jumamosi mfanyabiashara alifika. Bibi alimwonesha kazi ilivyo na kumwomba asubiri. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na gari la kujaza na safari ya kurudi; alinunua mikeka miwili nyumba nyingine akaondoka. Mkeka wa bibi ulikamilika siku kadhaa baadaye, na ulikaa ndani kwa muda kabla ya kupata mnunuzi. Januari binti alianza shule akiwa na sare mpya ya kukopa fedha na viatu vya dada yake vilivyokuwa vikubwa kidogo. Sisemi haya ili kuifanya hadithi iwe tamu. Kufumua kuna gharama, na gharama hiyo mara nyingi hulipwa na mtu asiye na akiba.

Hata hivyo jambo moja sikulitarajia. Ukindu haukupotea. Kila ukili ulikatwa ziada yake na kurudishwa mahali pake. Vipande vyote vilivyoondolewa vilijaa kiganja kimoja tu. Kazi iliyopotea ilikuwa ya sindano. Kazi ya kusuka, ambayo ndiyo huchukua siku nyingi zaidi, ilibaki karibu yote.

Ndugu zangu, nimeutafakari ufito ule uliokaa darini. Katika maisha yetu tunapima mambo mengi kwa kuangalia kilicho jirani: mwenendo wa mwaka huu kwa ule wa mwaka jana, hesabu za kikundi chetu kwa zilivyosomwa mkutano uliopita, ukali wa mzazi kwa ukali wa mzazi wake. Kila hatua huwa karibu sawa na iliyotangulia, na kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Siku mambo yanapoinuka pembeni, tunakimbilia mawe: tunabana, tunakalia, tunaomba muda hadi mgeni apite. Au tunamtafuta wa mwisho, aliye na ziada kubwa kuliko wote, na kumtwika lawama peke yake, wakati naye alimfuata tu aliyemtangulia.

Ni watu wangapi wanaogombana leo kwa jambo la juzi, ilhali kilichopotoka ni neno moja dogo la miaka mingi iliyopita, ambalo kila neno lililofuata lilipimwa kwalo? Kuwasuluhisha kwa neno la juzi ni kukata ukili wa 14. Hatuna budi kurudi polepole, kiganja kikiwa wazi, hadi mahali ambapo aliyehusika mwenyewe ataweza kusema, “Hapa.” Tena tusiogope kwamba kufumua ni kutupa kila kitu. Mara nyingi yaliyosukwa ni mazima; yanahitaji tu kupimwa upya na kushonwa tena.

Na kama wewe, ndugu msomaji, ndiwe unayesubiri kazi ya mwenzako, naye akakuambia, “Nipe muda, nimegundua kasoro,” mfikirie bibi yule. Ukiweza kusubiri, subiri. Usipoweza, acha walau malipo ya awali. Huenda yakatosha jozi moja ya viatu.

Nawatakieni nyote juma jema.