Kalamu ya Risasi Isiyo na Risasi

Mwalimu wa sayansi aghalabu hulalamikia uhaba wa maabara. Nasi, tulipokuwa tukifundisha katika shule moja ya sekondari mjini Tunduma, tulilalamika vivyo hivyo, mpaka siku tulipotambua kwamba kasoro kubwa zaidi ilikuwa katika neno lililotoka kinywani mwetu wenyewe.

Tulikuwa tukifundisha maumbo ya kaboni. Kwa mazoea tulitaja "kalamu ya risasi". Mwanafunzi mmoja akauliza: "Mwalimu, risasi ni sumu. Mbona tunazitafuna kalamu hizi na hatudhuriki?" Tulimjibu kwa haraka kwamba risasi iliyomo ni kidogo mno. Darasa liliridhika, lakini sisi hatukuridhika, kwa maana tulijua kuwa tumejibu ili kuilinda heshima yetu.

Asubuhi iliyofuata tulikiri kosa mbele ya wote. Ndani ya kalamu ile hamna risasi hata chembe. Mna kinywe kilichochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Huko Borrowdale, Uingereza, katika karne ya 16, watu walikidhania kuwa ni namna ya risasi. Mwaka 1779 Carl Scheele wa Sweden alionyesha kuwa ni kaboni. Kosa lile limebaki katika jina, ilhali Kiswahili kina neno lake, na madini yenyewe hupatikana Mahenge mkoani Morogoro na Ruangwa mkoani Lindi.

Kisha tulimpa kila mwanafunzi kipande cha seloteipu. Walipaka kinywe karatasini hadi kikameta, wakakibandua kwa utepe, wakaukunja utepe na kuufungua mara nyingi. Weusi ukageuka kijivu, kijivu kikafifia. Hapo tukaeleza kwamba kinywe ni mfano wa kitabu ambacho kila ukurasa una unene wa atomu moja tu. Kutoka ukurasa hadi ukurasa ni nanomita 0.335, hivyo milimita moja ina kurasa zipatazo milioni 3. Kwa utepe wa namna hiyohiyo, Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester waliupata ukurasa mmoja na kueleza tabia zake mwaka 2004. Ukurasa huo huitwa grafini. Hupitisha umeme vizuri sana, na kwa unene wake una nguvu kuliko chuma cha pua. Mwaka 2010 walitunukiwa Nobeli ya fizikia.

Hatukuwaambia wanafunzi kwamba nao wamepata grafini. Yaliyobaki katika tepe zao yalikuwa mafungu ya kurasa nyingi, na pasipo hadubini hakuna awezaye kuthibitisha zaidi ya hapo. Mwalimu asilifurahishe darasa kwa uongo wa pili baada ya kutubia wa kwanza.

Wakauliza jinsi ukurasa mpana unavyopatikana. Tulieleza kwamba gesi ya methani hupitishwa juu ya bamba jembamba la shaba lenye joto la nyuzi zipatazo 1,000, na kaboni ikajitandaza juu yake. Tulipotamka "shaba", vichwa viligeukia dirishani. Barabarani yalipanga foleni malori yaliyobeba shaba ya Zambia na Kongo kuelekea Dar es Salaam.

Mwanafunzi yuleyule akanyanyua mkono. "Kinywe kimo nchini mwetu, shaba inapita mlangoni petu. Basi karatasi hiyo inatengenezwa wapi?"

Safari hii hatukujibu kwa haraka. Tuliliandika swali juu ya ubao, tukaagiza lisifutwe mpaka mwisho wa muhula, na kila somo la kemia tukalianza kwa kulisoma. Ndugu walimu, utepe na kalamu ni zana hafifu, lakini zilitosha kulifikisha darasa kwenye swali hilo. Kilichotugharimu ni kukiri kwamba jana yake tulikosea.