Rufaa

Asili ya neno rufaa ni Kiarabu, na maana ya mzizi wake ni kuinua. Mahakamani rufaa hukatwa na aliyeshindwa. Hospitalini hutolewa na tabibu aliyefika ukomo wa uwezo wake. Mama yangu alipopewa barua ya rufaa huko Shishiyu kwa maradhi ya moyo, aliniuliza: "Mwanangu, nimeshindwa kesi gani?" Nilimjibu kuwa barua ile si hukumu, ni ngazi: zahanati, wilaya, mkoa kule Bariadi, kisha Bugando, Mwanza, waliko mabingwa. Mama alipanda, akapona. Jirani yake alikosa nauli. Barua yake ilikutwa chini ya mto baada ya mazishi. Tabibu akiriye ukomo wake ni muungwana. Lakini karatasi peke yake haimwinui mtu.