Kutoka Joto la Kasese hadi Kigongo cha Mutinda

Askari apewaye uhamisho wa kwenda Kasese aghalabu huambiwa mambo mawili na wenzake waliomtangulia: kwamba huko kuna joto, na kwamba huko kuna mlima. La joto huliamini siku ile ile ya kwanza. La mlima huenda akakaa miezi mitatu asiliamini, kwa kuwa mawingu ya Rwenzori hayana haraka ya kuondoka. Mpaka alfajiri moja, baada ya mvua ya usiku kucha, atoke nje kunawa uso na kuona ukuta mweusi umesimama nyuma ya mji, na juu yake kabisa, mahali ambapo hakutazamia kuona kitu ila mbingu, kuna weupe.

Weupe huo wenyeji, yaani Bakonzo, wameuita nzururu tangu zamani, na katika simulizi zao nzururu ni baba yake Kitasamba, mwenye mlima. Wageni walichelewa. Stanley aliuona theluji yake mwaka 1888, na mwaka 1906 mwanamfalme wa Kiitalia, Luigi Amedeo wa Abruzzi, akapanda na msafara wake hadi kilele kikubwa akakipa jina la malkia wa kwao, Margherita. Kina mita 5,109, nacho ni cha tatu kwa urefu barani Afrika baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Lakini Rwenzori si mlima wa volkano kama hiyo miwili. Ni pande la mwamba wa kale lililosukumwa juu wakati ardhi ya Bonde la Ufa ilipopasuka, na ndiyo sababu halina umbo la kichuguu bali ni safu nzima yenye urefu wa kilomita zipatazo 120, vigongo juu ya vigongo.

Sikusudii kumpeleka msomaji Margherita. Safari hiyo yataka zaidi ya juma moja, kamba, na viatu vya chuma vya kukanyagia barafu, na gharama yake si ya mshahara wa koplo. Nazungumzia njia ya siku tatu, kwenda na kurudi, ipandayo kutoka Kilembe hadi mahali paitwapo Mutinda, ambayo mtu mwenye afya na moyo wa kawaida aweza kuimaliza.

Kilembe iko kilomita kumi na kitu hivi kutoka mjini, ndani ya bonde la mto Nyamwamba. Msomaji mwenye umri wa kutosha atalikumbuka jina hili kwa ajili ya shaba. Reli ya kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba hiyo, nayo ikawa inapelekwa Jinja kuyeyushwa kwa umeme wa Owen Falls. Watu wakaja kutafuta kazi kutoka kila upande, nyumba zikajengwa kwa mistari kama kambi. Katika miaka ya 1980 uchimbaji ukasimama, na baadaye hata garimoshi likaacha kufika. Nyumba zile bado zipo, na ndani yake wamo watoto na wajukuu wa wachimbaji. Jambo litakalomshangaza mgeni si nyumba bali mawe. Zamani ungeliona hapa mto wa kawaida. Tarehe 1 Mei mwaka 2013 mto huo huo ulishuka na majabali makubwa kama magari, ukabomoa madaraja na nyumba, ukaingia hospitalini. Mwezi wa Mei mwaka 2020 ukarudia, na safari hii hospitali ya Kilembe ikaharibiwa vibaya. Ukipita kando ya mto na kuyaona majabali hayo yamelala katikati ya mahali palipokuwa na makazi, utaelewa kwa nini watu wa hapa mvua ikinyesha mlimani usiku huwa hawalali.

Njia inaanzia katika kijiji cha Kyanjuki, juu kidogo ya migodi. Sharti uandikishwe, maana hii ni Hifadhi ya Taifa, iliyotangazwa mwaka 1991 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1994. Na sharti uende na kiongozi wa njia. Wapo wanaoona sharti hili ni la kuwapatia watu fedha tu. Mimi naona ni la haki na la busara. Mawingu ya huko yaweza kukufunika kwa dakika tano usimwone mwenzako aliye mbele yako hatua kumi.

Sisi tulikuwa watatu: mimi, koplo mmoja wa polisi aliyekuwa likizoni, na mkewe ambaye ni mwuguzi. Kiongozi wetu alikuwa mzee wa Kikonzo mwenye miguu myembamba na mwendo ambao mwanzoni ulituudhi kwa upole wake. Koplo alitaka kutangulia. "Afande," mzee akamwambia, "mlima hauna haraka nasi. Twende kama tunaosindikiza mgeni." Kufika saa nane mchana koplo alikuwa nyuma ya wote, na mkewe yuko bega kwa bega na mzee, wakizungumza habari za dawa za miti.

Siku ya kwanza ni ya mashamba na msitu. Unapita migomba na kahawa, kisha mashamba yanakoma ghafula kwenye mpaka wa hifadhi, na giza la kijani linakupokea. Humo mna mbega na kima, na ukiwa na macho utamwona kinyonga mwenye pembe tatu puani, na kulukulu wa Rwenzori ambaye akiruka mbawa zake huwaka nyekundu kama kitambaa kilichotikiswa. Tulilala katika kambi ya Sine, mita 2,596 juu ya bahari. Tayari tulikuwa tumevaa masweta.

Siku ya pili ndiyo ya kigongo. Njia inapita katikati ya mianzi, inakaza kupanda, ikitokeza Kalalama, penye zaidi ya mita 3,100, na kutoka hapo unatembea juu ya mgongo wenyewe wa mlima, bonde huku na bonde huku. Miti ya hapa ni erika, ile ambayo kwingineko ni kichaka cha kufika magotini. Rwenzori imekuwa miti mirefu iliyopinda, na kila tawi limening'inizwa kuvumwani kijivu kama ndevu. Ardhi ni sifongo. Unakanyaga, mguu unazama, maji yanatoka. Yafaa niseme hapa kwamba viatu vya ngozi, hata vile vya jeshi tunavyovisifu, huku havifai kitu. Mabuti ya mpira ndiyo mfalme.

Ni juu ya kigongo hiki koplo aliponyamaza kwa muda mrefu. Tulipoketi kunywa chai alisema kwamba baba yake, aliyekuwa askari, aliwahi kukaa katika milima hii mwishoni mwa miaka ya 1990, na kwamba nyumbani hakuwahi kuieleza isipokuwa kwa maneno matatu: baridi, mvua, ukungu. Wasomaji wetu wengi wanajua alichoacha kusema. Mwezi wa Novemba mwaka 1996 waasi wa ADF walivuka mpaka wakaishambulia Mpondwe na Bwera, kisha wakajificha katika mabonde haya haya. Hifadhi ilifungwa kuanzia mwaka 1997 hadi 2001. Vijiji vya mteremkoni vilihama, mashamba yakawa pori. Na hata kabla ya hapo, kuanzia mwaka 1962, mwalimu Isaya Mukirane na wafuasi wake wa Rwenzururu walikuwa wamepanda humu kudai haki za Bakonzo na Baamba katika Toro, na mgogoro ule haukutulia mpaka mwaka 1982, mwanawe Charles Mumbere aliposhuka na kuweka silaha chini. Ufalme wa Rwenzururu ulitambuliwa na serikali mwaka 2009. Mwezi wa Novemba mwaka 2016 damu nyingi ikamwagika tena, mjini Kasese.

Mzee alimsikiliza koplo hadi mwisho. Kisha akauliza, "Baba yako yu hai?" Alipojibiwa kwamba yu hai, akasema, "Basi mwambie njia imefyekwa." Hakuongeza neno, akafunga mzigo wake.

Kutoka kambi ya Mutinda hadi kilele cha kutazamia ni mwendo wa saa moja na zaidi, ukifuata kijito kinachoporomoka juu ya mawe yaliyovikwa kuvumwani cha dhahabu. Hapo ni karibu mita 4,000. Kwa kawaida hewa hupungua joto nyuzi sita hivi kwa kila mita elfu unazopanda, kwa hiyo wakati Kasese wanajipepea, wewe huku meno yanagongana. Mawingu yalitufungukia kwa muda usiozidi robo saa. Chini, mbali mno, tuliona mji wa Kasese kama changarawe zilizomwagwa, na nyuma yake Ziwa George liking'aa. Mke wa koplo alitafuta kwa kidole paa la nyumba yao, akadai ameliona. Hatukumbishia.

Upande wa pili, ndani zaidi, ndiko iliko barafu, au mabaki yake. Mwaka 1906 mito ya barafu iliyopewa majina ilikuwa 43, juu ya milima sita ya safu hii. Leo iliyobaki ni vipande juu ya milima michache, na kila mwaka inapungua kwa sababu dunia inazidi kuwa na joto. Wataalamu wanasema itatoweka yote. Mzee alisema jambo hilo hilo kwa namna yake: alipokuwa kijana mpagazi, mahali fulani walikanyaga barafu; siku hizi wanakanyaga jiwe.

Kwa mama wa nyumbani anayemfungia mumewe au mwanawe mzigo, nashauri haya. Nguo kavu za kulalia ziwe katika mfuko wa plastiki, zisiguswe mchana hata mtu akilia. Soksi za sufu jozi nne. Chakula kiwe cha kutia nguvu upesi: karanga, ndizi, sukari. Kichwa kikianza kuuma sana na mtu akatapika, dawa ni moja, kushuka, na wala si ushujaa kubishana. Miezi ya afadhali ni Januari na Februari, kisha Juni na Julai. Ingawa katika Rwenzori mwezi mkavu maana yake ni mwezi wenye mvua kidogo.

Asiye na siku tatu, au asiye na fedha za hifadhi, na achukue gari kwenda Bwera. Utapita Kikorongo, karibu na mstari wa Ikweta, na kutoka hapo ni lami ya kilomita 38 hadi Mpondwe mpakani. Vilima vya juu ya Bwera, upande wa kwenda Ihandiro, ni mwisho wa kusini wa Rwenzori hiyo hiyo, na njia zake ni za watu: wanafunzi, akina mama wenye mizigo ya kahawa, mbuzi. Salimia kwa kusema "wabukire", shukuru kwa "wasingya", nawe utakaribishwa ugali wa muhogo na sombe. Ni adabu pia kupita kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji ujitambulishe, hasa kama wewe ni askari. Watu wa huku wana kovu bichi: usiku wa tarehe 16 Juni mwaka 2023 waasi waliiingilia shule ya sekondari ya Lhubiriha wakaua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi. Mgeni asiyejulikana anayezunguka vilimani na kamera si jambo dogo kwao.

Ukishakaribishwa, panda asubuhi kabla ya jua kukaza. Kutoka juu utauona mto Lhubiriha ukipinda, daraja, na ng'ambo yake mabati ya Kasindi katika Kongo. Upande wa kusini tambarare inakwenda mpaka Ziwa Edward. Siku ya soko watu huvuka tangu alfajiri na ndizi, mafuta ya mawese, vitenge na samaki, na sauti zinazopanda hadi kilimani ni za Lukonzo na Kiswahili, kile cha Kongo chenye "aksanti", maana ndugu wa Bakonzo wako pande zote mbili za maji. Magari ya kurudi Kasese hujaa mapema siku hiyo. Ukikusudia kurudi, teremka kabla ya saa tisa.