Gari ya Kukodi

Gari ilipotufikia, Kiswahili hakikuhangaika kuitafutia maneno. Jina lenyewe kilikwisha kulipokea kutoka Bara Hindi, na mengi ya yaliyobaki kilikwenda kuyachukua pwani. Usukani ulikuwa wa jahazi kabla ya kuwa wa gari. Nauli ilikuwa ya chombo. Rubani aliyeongoza merikebu kati ya miamba ndiye leo anayetuteremsha Wawi kwa ndege ndogo ya watu 12. Hata leseni zetu husema "vyombo vya moto", kana kwamba gari ni mashua iliyotiwa moto tumboni. Na kwa desturi ya bahari, mtu akikodi jahazi hakabidhiwi usukani. Hukodi jahazi pamoja na nahodha wake, mabaharia wake na tabia zao. Nadhani desturi hiyo nayo ilipanda nchi kavu pamoja na maneno, na ndiyo iliyompa tabu shangazi yangu alipotaka kukodi gari kisiwani Pemba.

Ilikuwa Oktoba 2017. Shangazi alikuwa na umri wa miaka 62, na kisiwa hiki alikiacha akiwa na miaka tisa. Mwezi mmoja kabla ya kusafiri alinipigia simu kutoka Muscat.

"Mwanangu, nitafutie motokari ya kukodi. Nikishuka kiwanjani niikute. Dereva simtaki."

Yeye bado husema motokari. Kiswahili cha Wapemba walioko Oman kimehifadhi maneno ambayo sisi tuliobaki tumeyatupa zamani, kama vile mtu aliyehama akachukua vyombo vya mama yake vya udongo, na waliobaki nyumbani wakanunua vya plastiki. Nikamweleza kwamba kiwanja cha Wawi si kama anavyokidhania. Hakuna meza ya kukodisha magari. Kuna mwembe na madereva chini yake. Akacheka, kisha akanisimulia safari ya Austria.

Watu wa Ghuba wanaupenda sana mji wa Zell am See, wenye ziwa na milima yenye theluji, na mwaka mmoja binti zake walimchukua huko. Walishuka Munich, Ujerumani, wakasimama mbele ya meza ya kukodi gari humo humo uwanjani. Aliikumbuka meza ile kuliko alivyoikumbuka milima. Binti yake mkubwa alitoa pasi, leseni ya Oman na kibali cha kimataifa cha kuendesha, kisha kadi ya benki. Kwenye kadi ile ikazuiwa fedha ya dhamana ambayo wangerejeshewa watakaporudisha gari salama. Wakaulizwa bima gani wanaitaka, kwani bima ya kawaida huacha sehemu ya hasara juu ya mkodi, na ukitaka kulala usingizi unaongeza fedha. Wakaulizwa nani mwengine ataendesha, naye analipiwa. Wakaulizwa kama watavuka mpaka. Walipotia saini wakapewa ufunguo na karatasi yenye mchoro wa gari, waizunguke wenyewe na kuonyesha kila mkwaruzo uliokuwapo. Tangi lilikuwa limejaa, na lilitakiwa lirudi limejaa. Kabla ya mpaka wa Austria wakanunua stika ya barabara kuu, wakaibandika kwenye kioo cha mbele, kwa sababu asiye nayo hutozwa faini.

Basi wakenda. Walipanda njia ya Grossglockner, iliyofunguliwa mwaka 1935, yenye urefu wa kilomita 48 na kona 36 kali, kila kona na namba yake. Pemba nzima, kutoka kusini hadi kaskazini, haifiki kilomita 70. Wangeweza kukiweka kisiwa chetu juu ya mlima ule na kikaning'inia kidogo tu.

"Na unajua kilichonifurahisha?" akaniuliza. "Siku nane, hapana hata mtu mmoja aliyeniuliza mimi mtoto wa nani."

Hapo nikafahamu kwamba hatuzungumzii gari.

Lazima nieleze, kwa ufupi, maana habari hii wasomaji wengi wa visiwa hivi wanayo ya kwao. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja, kikaiacha ya Pemba, na tangu hapo karafuu nyingi za visiwa hivi zikawa zinatoka kwetu. Baba yake babu yangu alipata shamba la mikarafuu katika zama zile. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi yote ikawa ya serikali, na kuanzia mwaka 1965 mashamba ya namna ile yakagawiwa wananchi eka tatu tatu. Babu hakungoja. Aliondoka mwaka ule wa 1964 na binti yake mdogo, kwanza Mombasa, kisha Dubai, na baada ya mwaka 1970, Sultani Qaboos alipowaita waliokuwa nje, wakafika Muscat. Bibi hakuweza kusafiri. Alikuwa mgonjwa, na marehemu baba yangu, kijana wa miaka 20, akabaki kumuuguza. Alifariki kabla ya mwaka kwisha, akazikwa shambani. Baba hakuhama tena. Akawa mwalimu wa skuli, akaoa, na sisi tukazaliwa.

Shamba lile baba hakulitaja. Lakini kila tulipopita njia ile, alimwomba dereva asimame kidogo, akashuka, akaelekea bondeni, akasoma Fatiha, akapanda tena. Hakuwahi kuteremka. Nami sikuteremka, hata baada ya yeye kufariki. Watu waliogawiwa eka zile hawakumnyang'anya mtu. Walipewa, wakalima, wakazaa na kuzika hapo. Ukitokea ghafla na kusema wewe ni mjukuu wa fulani, unakuwa umesema jambo jengine hata kama hukukusudia. Ndiyo maana sikitaji kijiji hapa.

Shangazi alilijua hilo vizuri zaidi yangu. Alitaka kusimama mbele ya kaburi la mama yake bila ya kuonekana amekuja kudai. Alitaka kufika kama mgeni, kuona, na kuondoka. Na kwa fikra yake, iliyopata darasa Munich, gari ya kukodi ndiyo humpa mtu hali hiyo: unalipa, na pamoja na tairi nne unapewa haki ya kutojulikana.

Ningeweza kumpandisha daladala namba 606, inayokwenda Wete kutoka Chake. Lakini daladala ya Pemba ni baraza inayotembea. Kabla hatujamaliza mtelemko wa kwanza wangekuwa wamekwisha kumtambua kwa pua yake, ambayo ni pua ya baba. Nikamwendea mtu mmoja wa Chake aliyekuwa na gari ndogo aina ya Toyota. Nikamwambia naitaka kwa siku mbili, bila ya dereva.

"Nani ataendesha?"

"Mimi."

"Kwa nini dereva humtaki? Kijana wangu anazijua njia."

"Nami nazijua."

Akanitazama. Hakutaka kadi, hakutaka karatasi. Aliuliza leseni, akaiangalia nje bila ya kuifungua, kisha akauliza lile swali ambalo Munich halikuulizwa. Nikamtajia baba yangu. "Mwalimu?" akasema. "Alinisomesha hesabu." Ndipo akasema dola 50 kwa siku, mafuta juu yangu. Hiyo ndiyo iliyokuwa bima yangu, saini yangu na dhamana yangu: marehemu aliyemfunza mtu kugawanya.

Sisemi kwamba ada yetu ni bora. Nimewahi kuona gari iliyokodiwa kwa maneno ikiingia mtaroni, na urafiki wa miaka 30 ukaingia nayo, kwa sababu hapakuwa na mstari mmoja ulioandikwa kusema nani alipe nini. Karatasi ya Munich ni kavu, lakini inawaacha watu wawili wasiojuana wakiendelea kutojuana kwa amani. Kwetu, aliyekukodisha gari utamkuta msikitini, utamkuta mazikoni, na mwanawe ataposa kwenu.

Shangazi akashuka Wawi, mikono mitupu isipokuwa mkoba. "Nashika moo, shangazi." "Marahaba, mwanangu." Akaiona gari, akaenda mbio kidogo mpaka mlango wa kulia, akakuta usukani. Oman huendesha kulia kwa njia, na usukani huwa kushoto. Sisi kinyume chake. Basi akazunguka, akakaa kushoto, mahali ambapo kwa miaka mingi ndipo pa dereva, na safari nzima mguu wake ulikuwa ukikanyaga breki isiyokuwapo.

Tukapita Chake, kama kilomita saba kutoka kiwanjani, tukashika njia ya zamani ya Wete. Wakati ule ilikuwa na mashimo, nami nilikuwa nikiyakwepa kama nahodha anayekwepa miamba, huku nikikumbuka kwamba gari si yangu. Lakini ilikuwa msimu. Karafuu zilianikwa juu ya majamvi kandokando ya njia, nyingine bado za kijani na wekundu, nyingine zimekwisha kuiva kwa jua, kahawia. Shangazi akateremsha kioo. Alikuwa akizungumza tangu Wawi. Harufu ile ilipoingia akanyamaza.

Askari wakatusimamisha. Karafuu yetu huuzwa kwa shirika la serikali, ZSTC, na wakati wa msimu gari hutazamwa isije ikawa imepakia magendo ya kuvuka usiku kwenda Mombasa. Akaiomba leseni yangu, akaomba na buti ifunguliwe. Ilikuwa tupu. "Mnakwenda wapi?" Kabla sijajibu shangazi akasema, kwa Kipemba ambacho kijana yule labda alikisikia kwa nyanyake tu, kwamba tunakwenda kutembea. Askari akatabasamu. "Karibu nyumbani, bi mkubwa." Gari ilipoondoka akaniuliza: "Amejuaje?"

Mahali pale baba aliposimama siku zote, nikazima gari. Safari hii tukateremka. Kijia kilipita kati ya mikarafuu, mingine mizee sana, ya kabla ya mwaka 1964 bila shaka, na kati yake miche iliyopandwa karibuni. Palikuwa na nyumba ya udongo iliyoezekwa bati, na mwanamke wa makamo akichambua karafuu ukumbini, anatenga karafuu na makonyo. Tukapiga hodi. Akatukaribisha, akainuka, akatandika mkeka mwengine, akamwita mwanawe aangue madafu. Hakuuliza tumetoka wapi. Shangazi alikuwa ametunga maneno ya kusema, kwamba tunapita tu, kwamba tunapenda kuona shamba. Aliyasema, na mwanamke akaitika "naam, naam", mikono yake ikiendelea na kazi.

Tukanywa madafu. Shangazi akaiweka mikono yake juu ya lile jamvi, akaanza kuchambua naye. Ilimchukua kitambo kidogo tu kukumbuka, konyo huku, karafuu huku. Wakafanya kazi hivyo kama robo saa, hawazungumzi ila habari za mvua na za wanawake wa uchumaji ambao siku hizi ni taabu kuwapata. Kisha mwanamke yule akapangusa mikono.

"Bi mkubwa, mkitaka kutembea, piteni upande ule wa mfenesi. Pale chini ya mfenesi hatulimi. Baba alipopewa shamba hili wazee walimwambia pana kaburi la bibi mmoja. Tunafyeka kila mwaka ikifika Shaabani."

Akaturudishia mgongo na kuingia jikoni.

Kaburi lilikuwa na mawe mawili, moja kichwani, moja miguuni, na ardhi yake imefagiliwa. Mikarafuu ilisimama kuizunguka kwa mbali, safu ikajipinda ili isilikanyage. Yule aliyeipanda alikuwa amepoteza miti mitatu, labda minne, na hesabu ya miti minne kwa msimu wa miaka 50 mkulima huijua. Shangazi akakaa chini. Mimi nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikasoma nilichokuwa nikikisoma barabarani.

Tulipoaga, buti ya gari ilikwisha kupakiwa: muhogo, mkungu wa ndizi, mafenesi mawili. Karafuu hapana, hata punje. Mwanamke yule alijua njia ina askari. Shangazi akampa mkono, akaushika muda mrefu. Hakujitambulisha. Wala hakuulizwa, na mpaka leo sijui ni yupi kati yao aliyemsitiri mwenzake.

Siku ya pili jioni nikairejesha gari Chake, tangi limejaa, kwa sababu shangazi alishikilia kwamba ndivyo inavyotakiwa. Alishuka mwenyewe, akamwambia mwenye gari aizunguke na atazame mikwaruzo, akamwonyesha kwa kidole ile iliyokuwapo tangu jana. Yule bwana hakuitazama gari. Alipokea dola zake 100, akazikunja.

"Kaburi mmeliona?" akauliza.

Hatukuwa tumemwambia. Shangazi akanitazama, nami nikatikisa kichwa. Kisha akamjibu kwamba tumeliona, na kwamba limetunzwa.

"Alhamdulillahi," akasema mwenye gari, akafungua buti, akajikatia fungu lake la muhogo.