Jakamoyo

Nimekuwa nikifasiri kwa zaidi ya miaka 25, wala sikupata kukaa darasani kujifunza kazi hiyo. Shule yangu iliishia darasa la saba, kijijini Deltani, na Kiingereza nilikichuma neno kwa neno kutoka redioni na katika kamusi ya Johnson ambayo jalada lake nimelishona upya kwa uzi wa nyavu. Kwa hiyo msomaji asistaajabu nikisema kwamba neno moja liliwahi kunilaza macho kwa siku tisa. La kustaajabisha ni kwamba macho yenyewe yalikuwa yameacha kulala tangu mwaka uliotangulia, nami sikuwa na habari.

Ilikuwa masika ya 2018. Nililetewa kijitabu cha kurasa nne, kilichokusudiwa kugawiwa katika zahanati, nikifasiri. Mada yake ilikuwa ule msukosuko wa moyo unaomshika mtu pasipo sababu iliyo mbele ya macho yake, na jinsi ya kuishi nao. Neno la kichwani ndilo lililonikwamisha. Kila mtu angesema "wasiwasi", basi, yamekwisha. Lakini wasiwasi kwetu watu wa pwani ni neno lenye nasaba. Limetoka katika Kiarabu, ambako ni mnong'ono, na kila aliyesoma Suratun-Nas chuoni anajua ni mnong'ono wa nani. Mwenye wasiwasi, kwa wazee wetu, ni yule anayetawadha, akatia shaka, akatawadha tena, hata sala ikampita. Na papo hapo twasema wasiwasi ndiyo akili! Neno moja, mara ni shetani, mara ni hekima. Nikajaribu fadhaa, lakini fadhaa ni ya ghafla, huja ikapita. Nikajaribu wahaka, huo una utamu wa kungoja ndani yake, na washairi wa mapenzi wameutumia hata ukalegea. Hofu nayo hutaka kitu cha kuhofiwa.

Nikaacha kichwa, nikashika orodha ya dalili. Moyo kwenda mbio ilhali mwili umekaa. Kifua kubana. Kinywa kukauka, viganja kutoka jasho, tumbo kuchafuka. Usingizi kukatika usiku wa manane na kukataa kurudi. Kuepuka njia na mahali. Kuwa mkali kwa watu wa nyumbani. Nilipofika hapo niliweka kalamu chini. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimemkaripia mke wangu kwa sababu ya mlango wa uani usiotiwa komeo, na jua bado halijatua. Hakunijibu kwa ukali. Alikwenda akautia komeo, akarudi akaketi, akasema, "Baba watoto, mlango ule umeutazama mara sita tangu alasiri." Nikakumbuka yule mtu wa udhu.

Sina budi kueleza mwaka 2017 ulivyokuwa kwetu, ingawa wengi wenu mlizisoma habari hizo gazetini. Kwa muda wa miaka miwili hivi, katika Mkuranga, Kibiti na Rufiji, viongozi wa vijiji na vitongoji walikuwa wakiuawa, aghalabu usiku, aghalabu mlangoni pao. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa kwa risasi upande wa Jaribu, wilayani Kibiti. Kwa kuwa wauaji walisemekana kuja na pikipiki, bodaboda zikapigwa marufuku tangu saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Watu wakawa wanapika mapema na kuzima taa mapema. Mauaji yalipokoma, ikaja Novemba: mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiandika kutoka Kibiti, alitoweka tarehe 21 ya mwezi ule, na hadi leo hajaonekana. Mtu anayeishi kwa kalamu, hata ikiwa ni kalamu ya mashairi tu, hasikii habari kama hiyo akalala kama alivyolala jana.

Mimi sikuguswa na mtu. Nalisema hilo kwa sababu ndilo lililonifunga mdomo. Majirani zangu walizika. Mimi nilisikia tu pikipiki. Basi nilikuwa na haki gani ya kulalamika? Lakini marufuku ilipoondolewa, na vijana wakarudi kuchukua abiria usiku, kila muungurumo uliopita nyuma ya nyumba uliuamsha mwili wangu kabla yangu mwenyewe. Nikaacha kwenda barazani baada ya magharibi. Nikasingizia macho.

Kijitabu kile ndicho kilichonipeleka hospitali, nami nilikwenda nikiwa na yakini kwamba nina maradhi ya moyo. Tabibu alikuwa binti wa umri wa mwanangu. Aliniamkia, akanipima presha, akanitazama damu, akanitia waya za kipimo kifuani, akaniuliza habari za tezi ya shingo, kwani upungufu wa damu na maradhi ya tezi navyo huufanya moyo ukimbie. Hakuona kitu. Akauliza, "Baba, ilianza lini?" Nikamtajia mwezi na mwaka bila kufikiri. Tukatazamana. "Moyo wako mzima, baba," akasema. "Unakimbia kwa sababu unaambiwa ukimbie."

Nilitoka pale nikiwa na nafuu na aibu kwa kipimo sawa. Bara mtu akitajwa kuwa na tatizo la akili, mzaha wa kwanza ni Mirembe; kwenu Unguja ni Kidongo Chekundu. Hakuna ngazi kati ya mzima na mwendawazimu. Ilhali Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa na maradhi ya namna hii, yakiongoza maradhi yote ya akili kwa wingi, na kwamba mgonjwa mmoja tu kati ya wanne hupata matibabu. Nilizifasiri hesabu kama hizo kwa miaka bila kudhani kwamba mimi ni mmojawapo katika hizo milioni.

Nilimpelekea mama yangu neno lililonishinda. Yeye yuko Deltani bado, huko ambako mikoko imefunga macho ya mtu kila upande na saa ya watu ni maji kujaa na maji kupwa. Nikamweleza dalili, sikumwambia ni za nani. Akasema, "Hiyo jakamoyo, mwanangu," kisha akauliza, "Imekuanza lini?" Watu wawili, swali moja.

Akanikumbusha shangazi yangu, aliyekuwa akilima juu mtoni wakati wa simba. Tangu Agosti 2002 hadi Aprili 2004 watu wapatao 35 waliuawa na simba huko Rufiji, na simba aliyeuawa mwishoni alikutwa na jino bovu lenye jipu. Zamani watu walilala madunguni kulinda mpunga dhidi ya nguruwe na viboko. Wakati ule dungu lilikuwa ngome. Shangazi aliona kwa macho yake watu wakishangilia simba amekufa. Bado alivuta ngazi juu kila usiku kwa miaka. Hofu ilikuwa ya simba. Jakamoyo ni ile ngazi.

Yaliyonisaidia hayakuwa makubwa. Kahawa ya jioni niliiacha, kwa huzuni. Nilimwambia mke wangu ukweli, na hilo lilikuwa gumu kuliko kahawa. Tabibu alinifundisha kwamba papatiko likija lisipigwe vita, kwani lina kilele chake, nalo hushuka lenyewe kama maji ya bamvua. Na kwamba pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Hapo nikajipatia hila ya mtunzi. Mshororo wa shairi letu una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. Navuta pumzi kwa mizani minne, naitoa kwa mizani minane. Shairi lenyewe halina maana yoyote, ni vina tu, na labda ndilo shairi langu lenye manufaa kuliko yote. Kisha nikarudi barazani, kwanza robo saa, halafu nusu, maana kila ninapoepuka pahala, pahala hupata nguvu. Wapo ambao haya hayawatoshi, wakahitaji dawa na mtaalamu wa kuzungumza naye, asiwacheke mtu.

Sijapona kwa maana ya kuagana nayo. Aprili 2024 mafuriko yalipofunika mashamba ya Kibiti na Rufiji, na mapema Mei kimbunga Hidaya kikaja upande wa Mafia, nilikuwa mtulivu hata nikajishangaa. Nilibeba magunia na watoto wa watu. Wiki nne baadaye, usiku mkavu usio na hata upepo, ikanirudia yote.

Kijitabu kilichapishwa na neno "wasiwasi". Jakamoyo, waliniambia, halitafahamika. Sikubishana sana.

Mwaka jana nilitoka kumwona mama, mashua ikachelewa na maji, nikashuka Nyamisati giza limeingia. Hapakuwa na gari. Nikapanda pikipiki kuelekea barabara kuu, nyuma ya kijana nisiyemjua, mikoko ikabaki nyuma na minazi na mikorosho ikaanza. Njiani akapunguza mwendo.

"Mzee, mbona wasemasema peke yako?"

"Nahesabu mizani."

Akafikiri kidogo. "Mizani ipi, mzee? Njia hii haina mizani."