Supu ya Fromaji Kando ya Lualaba



Kama umepita Kindu ukielekea Kalima, unajua ile kazi ya kuvuka Lualaba. Gare na uwanja wa ndege viko upande wa magharibi. Barabara ya Kalima inaanzia Alunguli, ng'ambo ya pili. Siku moja ya mwaka 2019 nilivuka kwa mtumbwi nikiwa na kifurushi magotini, na watu wakaanza kugeuza pua. Mama mmoja mwenye beseni la sombe akaniuliza: "Pasta, ndani mle kumeoza nini?" Ilikuwa fromaji ya Masisi, kilo mbili, imetoka Goma asubuhi ile kwa ndege.

Kutoka Goma ni kama kilometa 400 tu kwa angani, lakini ni kama dunia mbili. Masisi ni milima, baridi, majani na ng'ombe. Watawa waliotoka Ulaya walifundisha watu wa kule kutengeneza fromaji katika miaka ya 1970, na wafugaji wakaendelea wenyewe, kwa moto wa kuni. Kindu iko chini, karibu mita 500, joto kali, na chakula chetu kinajulikana: wali, sombe, samaki, mawese. Mzee mmoja aliyefanya kazi ya bati huko Kalima aliniambia kwamba maisha yake yote fromaji aliiona kwenye meza ya wakubwa tu. Kuionja, hapana.

Supu yenyewe nilifundishwa Goma, kwenye semina, na mgeni mmoja Mjerumani. Kwao wanaipika watu wakikusanyika wengi, kama siku ya kuzaliwa, maana sufuria moja inashibisha nyumba nzima: nyama ya kusaga, puaro, fromaji laini. Niliandika yote katika daftari. (Ndiyo, pasta mzima nimeshika mwiko wa sufuria. Wazee walicheka, kisha wakaomba bakuli la pili.)

Mara ya kwanza nyumbani niliharibu. Nilitupa fromaji katika maji yanayotokota, nikaongeza makala, nikifikiri itayeyuka mbio. Ikawa bonge moja kama mpira chini ya sufuria, na mafuta yakaelea juu. Nusu kilo ilikwenda bure, na bei yake ingetununulia mchele wa juma zima. Bibi yangu hakusema neno, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Sababu ni hii: fromaji ngumu ikipata moto mkali inajikaza, inafukuza maji na mafuta yake. Inataka moto mpole, na unga wa kuishikilia. Basi, kwa watu sita, katakata nusu kilo ya nyama ndogo sana kwa kisu, uikaange pamoja na vitunguu vitatu. Majani ya vitunguu uweke kwa wingi, ndiyo puaro yetu. Nyunyiza vijiko viwili vya unga wa ngano, koroga kidogo, halafu mimina maji lita moja na nusu, polepole, unga usifanye mabonge. Tia viazi, kama havikufika sokoni, mihogo mitamu inafaa, na mimi naipenda hata zaidi. Vikiiva, ongeza kikombe cha maziwa ya unga yaliyokorogwa. Sasa punguza makala kwenye mbabula. Fromaji iliyokunwa, gramu 250, uitie kiganja kwa kiganja. Ya kwanza iyeyuke ndipo utie nyingine. Isitokote tena. Chumvi uonje mwisho kabisa, maana fromaji iko na chumvi yake.

Tangu Januari 2025, vita ilipoingia Goma na uwanja wa ndege wa kule ukafungwa, ile ya Masisi sijaipata tena. Siku hizi ninanunua Vache qui rit dukani, vile vipembe vyenye picha ya ng'ombe mwekundu anayecheka. Hivyo vinayeyuka bila shida, kwa sababu kiwandani viliyeyushwa kwanza pamoja na chumvi maalum zinazoshikanisha mafuta na maji. Hata mtoto hawezi kuviharibu. Lakini utamu ni mdogo.

Yule mfugaji aliyekuwa akinitumia fromaji alinipigia simu mwezi wa pili wa mwaka ule. Alikuwa na ng'ombe saba. Akasema amebaki na ndoo ya kukamulia tu, na watoto wako kwa watu. Akauliza bei ya mchele hapa Kindu. Tulizungumza hayo muda mrefu. Halafu akauliza kama supu tunaipika bado. Nikamwambia tunaipika, kwa vile vipembe vya dukani.

Akacheka, mara ya kwanza siku ile. "Hiyo si fromaji, Pasta."