Kutoka Pongwe hadi Ngamiani

Barabara itokayo Segera humpitisha msafiri wa Tanga katika mashamba ya mkonge ya Muheza na Pongwe, yaliyonyooka mistari kwa mistari hadi macho yachoke, na humo husimama korona, yaani kiwanda cha kusaga majani na kutoa nyuzi, nyingine zikinguruma na nyingine zikiwa zimebaki kuta na kutu. Mgeni akizikuta kuta kama hizo hadi mjini husema kwamba Tanga imelala, akiuchukulia uchakavu wa majengo kuwa ndio umaskini wa watu.

Uchakavu huo una historia yake. Mkonge ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, mwaka uleule reli ilipoanza kujengwa kutoka Tanga, uliifikisha nchi mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwenye zaidi ya tani 200,000 za nyuzi kwa mwaka. Kisha kamba za plastiki zikateka soko, mashamba mengi yaliyotaifishwa baada ya Azimio la Arusha yakakosa vipuri na usimamizi, na kufikia 1990 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 40,000.

Ngamiani, mtaa ambao barabara zake huitwa kwa namba, ndiko wafanyakazi wa bandari, reli na viwanda walikopanga vyumba katika nyumba za Kiswahili, zenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma. Mishahara ilipokatika, kodi nazo zilikatika, na mwenye nyumba akashindwa kubadili bati. Kwa hiyo paa jekundu kwa kutu ni kumbukumbu ya kodi isiyolipwa, wala halimsemi anayeishi chini yake. Chini ya paa la namna hiyo ukumbi hufagiwa tangu alfajiri, baiskeli iliyopanguswa matope huegemezwa ukutani, na uani mkaa huwashwa mapema kwa ajili ya mihogo ya kukaanga itakayouzwa barazani jioni. Maisha ni magumu, lakini yana jirani, mkopo wa dukani na mlango wa kugonga.

Ufukara mzito zaidi uko kule msafiri alikopita akisifia kijani. Vibarua walioandikishwa kutoka mikoa ya mbali na nchi jirani waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alitambuliwa kwa namba yake, na wengi wao walizeekea katika kambi za mashamba, wakiwa wamepoteza njia ya kurudi kwao na bila kipande cha ardhi walichoweza kukiita chao, kwani hata chumba walicholala kilikuwa mali ya shamba. Dirishani mwa basi, kambi hizo hupita kwa dakika chache, zimefichwa na mkonge uliostawi vizuri.